Dhahabu haikumwagika kama uji

Bwana mwandishi, asante kwa habari ya huyu mwanajiolojia aliyemaliza ujana na uzee wake akitafuta dhahabu inazaliwaje. Ila pale ulipoandika kwamba "iliyeyuka ikamwagika kati ya mawe", hapana. Kwa dhahabu ya mishipa, yaani ile inayokaa kwenye nyufa za mwamba zilizojaa jiwe, kama yetu, ni maji. Maji ya moto ya kilomita nyingi chini, nyuzi 300 hivi, yenye salfa inayoibeba dhahabu. Tetemeko likipasua mwamba, presha inashuka ghafla, maji yanaiachia dhahabu pamoja na kwatzi, lile jiwe jeupe gumu. Watafiti wawili, Weatherley na Henley, walilipigia hesabu hilo mwaka 2013. Halafu 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, wakaonyesha kwamba kwatzi ikibanwa inatoa umeme kidogo, na umeme huo unaweza kuivuta dhahabu ijikusanye.

Mimi niko Kadutu hapa Bukavu, ila nimekulia Kamituga, kwenye machimbo ya dhahabu. Mama alikuwa anatwanga mawe kwenye kinu cha chuma, vumbi mpaka kwenye kope. Jiwe jeupe tupu alilitupa. Lenye kutu kutu pembeni, alilitanguliza. Shule hakwenda, lakini kutu ile ni pairaiti iliyooza, madini ya chuma na salfa, ile ile salfa niliyoitaja!

Ukimpata tena huyo mzee, muulize: mishipa miwili jirani, jiwe lile lile, mmoja unalisha familia, mwingine hauna hata punje. Kwa nini? Hilo ndilo tunalobishana kila Jumapili.