Kuku hahitaji panga

Mfupa wa paja ukipigwa kwa kitu kizito chenye makali manene haukatiki, unapasuka. Vichane vyake hubaki kwenye mchuzi, na mtoto akimeza kimoja ni hatari. Kuku hukatwa kwenye maungio, na kwa kazi hiyo panga halina nafasi.

Kisu kinachofaa ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani: bapa la sentimita 12 hadi 15, jembamba, lisilopinda, lenye ncha kali. Likizidi sentimita 20, ncha inapotea ndani ya tumbo la kuku usijue inagusa nini. Visu vya meno kama msumeno viachie mkate, maana kwenye ngozi mbichi vinararua tu. Mpini nao utazame vizuri. Mafuta ya kuku huteleza sana, kwa hiyo mpini uwe na mikwaruzo na kizuizi cha kidole mbele. Mpini wa mbao ulioanza kupasuka hushika damu ndani ya nyufa, na sabuni haifiki huko.

Ukiwa na kisu hicho, chana ngozi kati ya paja na mwili, kunja paja kwa nje mpaka kichwa cha mfupa kichomoke, kisha pitisha ncha pale kilipochomokea. Kutenga paja na mguu, fuata mstari mwembamba wa mafuta unaoonekana upande wa ndani: ungio liko hapo hapo. Ukisikia kisu kimegoma, usiongeze nguvu. Umekosea kwa milimita chache, sogeza ncha.

Tumboni ndipo watu huharibu kuku mzima. Chana juu kidogo ya tundu la haja, ncha isizame zaidi ya sentimita 1, makali yakielekea juu, mbali na utumbo. Ukipasua nyongo, ini huwa chungu. Kata sehemu iliyoingia ukijani uitupe, kuiosha hakutoshi.

Kisu cha kuchinjia kiwe cha peke yake, kirefu kidogo, makali yasiyo na pengo hata moja. Pitisha ukucha juu ya makali taratibu. Ukikwama, hapo pana pengo, na kuku atateseka bure.

Lakini kisu cha bei kubwa kilicho butu hakina maana, na ndicho kinachokata vidole, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu mpaka kinateleza. Afadhali ununue kisu cha kawaida, pesa inayobaki ikanunue kinoo chenye pande mbili. Kilowanishe, anza na upande wa chembe kubwa, laza kisu kwa karibu nyuzi 20, sugua hadi usikie ukwaru mwembamba wa chuma umejitokeza upande wa pili, kisha geuza. Malizia kwa upande laini. Tupa ya kunolea hula chuma haraka na kuacha makali ya kukwaruza. Na kabla kisu kilichokata kuku hakijagusa nyanya za kachumbari, kioshe kwa sabuni na maji ya moto, kibao nacho vilevile.