Chura wa kipupwe: kumchukua au kumwacha alipo?

Kuanzia Juni hadi Agosti, kusi ikishavuma na ardhi ya Unguja na Pemba ikaanza kukauka baada ya masika, vyura hukutwa pasipotarajiwa: chini ya mtungi, nyuma ya tangi, ndani ya shimo la msingi wa nyumba, au kwenye tuta la muhogo jembe linapopita. Chura ametulia, macho kayafumba nusu, haruki. Mwenye huruma hutaka kumchukua akamtunze.

Ushauri mwingi ulioko mtandaoni umeandikwa na watu wa nchi za baridi. Huko Ulaya, chura aliyelala chini ya majani akiingizwa kwenye chumba chenye joto huamka, akala akiba ya mafuta yake kabla wadudu hawajatoka. Ndiyo maana huambiwa arudishwe penye baridi, na wapo wanaomhifadhi ndani ya friji. Usifanye hivyo hapa. Chura wetu hakuumbiwa baridi ya friji, na hewa yake humkausha ngozi. Usiku wa Julai kwetu haumdhuru. Kinachomuua ni ukavu.

Wanaosema aachwe wana hoja nzito. Kutulia si ugonjwa. Chura wa kipupwe hupunguza mwendo na chakula, hujibana kwenye ufa wa maweni au udongoni penye unyevu, akangoja vuli. Yule wa mtini wa pwani yetu, anayetaga ndani ya povu, hubadilika akawa mweupe anaposhinda juani, na watu hudhani anakufa.

Hoja yao ya pili ni maradhi. Kuvu anayeshambulia ngozi ya vyura amepunguza na kumaliza aina nyingi duniani, na husafiri na maji, matope na vyura wanaohamishwa. Pemba ina chura mdogo wa madimbwini, *Phrynobatrachus pakenhami*, asiyepatikana popote pengine duniani. Kumvusha chura kutoka Unguja kwenda Pemba, hata kwa nia njema, ni kumhatarisha huyo wa Pemba.

Lakini Tanzania hiyohiyo ina mfano wa upande wa pili. Chura wa Kihansi, wa maporomoko ya mto wa jina hilo huko bara, alipopungukiwa na manyunyu kwa sababu ya bwawa la umeme, vyura 499 walipelekwa Marekani mwaka 2000. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, na mwaka 2012 kizazi cha waliofugwa kikaanza kurejeshwa. Bila ya kuchukuliwa asingekuwepo leo. Ila kazi ile ilikuwa ya wataalamu, na vyura walitengwa na kupimwa. Beseni la uani haliwezi hayo.

Waislamu wa visiwani wanajua pia kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuua chura. Kumpita aliyenasa kwenye saruji mbichi, inayochoma ngozi yake, ni kumwacha afe kwa sababu ya kazi yetu sisi. Kwa hivyo, kwa maoni yetu, aliyetulia mahali pake aachwe. Aliyefukuliwa, aliyenasa au aliyekauka asaidiwe, kwa usiku mmoja au siku chache tu.

Lowesha mikono kwa maji safi kabla ya kumshika. Mikono iwe haina sabuni, mafuta wala dawa ya mbu, kwa kuwa ngozi yake hunyonya kila kitu. Aliyenasa kwenye saruji msuuze mara moja kwa maji mengi. Aliyekauka, macho yamezama na ngozi inanata, mweke kwenye maji ya kina cha sentimita 1, kidevu kikiwa juu, kwa dakika 20 hivi. Chura hunywa kwa ngozi ya tumbo, basi usimmiminie mdomoni. Maji yawe ya mvua au ya kisima kisicho na chumvi; visima vingi vya pwani havifai, kwani chumvi humnyang'anya maji badala ya kumpa. Ya bomba yaache wazi kwenye beseni pana saa 24 ili klorini itoke.

Makao yake ni ndoo ya lita 10 yenye mfuniko uliotobolewa, kivulini. Tandika sentimita 5 za udongo usio na mbolea wala dawa, nusu mbichi, nusu mkavu, na kigae cha chungu ajifiche. Udongo ukitota wote, ngozi huoza. Siku mbili za mwanzo hahitaji chakula. Baadaye mpe mchwa au panzi wadogo, kamwe si wali, mkate wala mende wa nyumba iliyopulizwa dawa.

Ukimaliza, nawa kwa sabuni: utomvu mweupe wa tezi za nyuma ya macho huwasha vibaya ukiingia jichoni. Mrudishe baada ya magharibi, palepale alipotoka au kivuli cha karibu chenye unyevu, si bonde la mpunga la shehia nyingine.

Kwenye tangi na mashimo ya ujenzi, ning'iniza kamba nene ya usumba ifike chini, au egemeza ubao usiopigwa randa. Atapanda mwenyewe usiku, na hutahitaji ndoo.