Kongamano la ubora wa maji ni porojo? Tukaulize visima vya Bangladesh

Lawama huja hata kabla ratiba haijatoka. Kongamano jingine la kimataifa la ubora wa maji: maprofesa watapanda ndege, watasomeana makala dakika kumi na tano kila mmoja, watapiga picha ya pamoja, na mezani mbele yao zitapangwa chupa za plastiki za maji ya dukani. Wakirudi makwao, mto uliochafuka utakuwa umechafuka vilevile. (Hilo la chupa sina utetezi nalo. Ni aibu tu.)

Tuwape wakosoaji haki yao, maana hoja yao si ya kubezwa. Wanasema shida ya maji duniani haijawahi kuwa uhaba wa makala: tunajua tayari, tia klorini iue vijidudu. Mji wa Jersey City, Marekani, ulianza kutia klorini kwenye maji ya bomba mwaka 1908. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2022, hesabu za WHO na UNICEF zilionyesha watu bilioni 2.2 hawana maji ya kunywa yenye usalama wa uhakika. Wanachokosa hao ni mabomba, pampu, umeme na fedha za kuwalipa mafundi.

Historia nayo inawabeba. Mwaka 1851 nchi 12 zilikutana Paris kuhusu kipindupindu, kila moja ikileta daktari mmoja na mwanadiplomasia mmoja. Walikaa miezi sita. Mwaka 1854 daktari John Snow akaonyesha jijini London kwamba ugonjwa ule ulifuata pampu ya maji, lakini mikutano iliendelea kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Mkataba wa kwanza uliofanya kazi ulipatikana Venice mwaka 1892. Miaka 41 ya vikao, na maji yanaendelea kuua.

Ni hoja nzito, ila inachanganya watu wa aina mbili. Katika mkutano wa Roma wa mwaka 1885, mwanasayansi wa Ujerumani Robert Koch alikuwemo ukumbini, mwaka mmoja tu baada ya kutangaza bakteria wa kipindupindu. Ujumbe wa Uingereza, uliokuwa na macho kwenye meli zake za kutoka India zisije zikawekwa karantini, ulifanikiwa kuzuia mjadala wowote wa kisayansi juu ya chanzo cha ugonjwa. Walionyamazishwa pale ni wanasayansi, na walionyamazisha walikuja na bendera. Kongamano la kitaaluma, ambako mtu anaulizwa data zake na si nchi yake, ni kikao kingine kabisa, na hiki ndicho kinachobebeshwa dhambi za kile.

Kuona kazi yake, tukaulize visima vya Bangladesh. Kuanzia miaka ya 1970 watu kule walihimizwa kuacha maji ya madimbwi na mito, yaliyokuwa yakiua watoto kwa kuhara, wakachimbiwa visima vyembamba vya pampu ya mkono. Maji yalitoka maangavu, ya baridi, bila harufu. Visima vikafika mamilioni. Kumbe tabaka zile za ardhi zina arseniki, sumu isiyo na rangi wala ladha. Ng'ambo ya mpaka, Bengal Magharibi nchini India, daktari wa ngozi K. C. Saha alikuwa ameanza kuwaona wagonjwa tangu 1983: mabaka kifuani, ngozi iliyokakamaa viganjani na nyayoni. Upande wa Bangladesh, arseniki iligunduliwa kisimani mwaka 1993.

Miaka kumi. Na ndani ya miaka hiyo, mwaka 1992, Taasisi ya Jiolojia ya Uingereza ilichunguza maji ya visima vya Bangladesh, ikatafuta elementi nyingi, na arseniki haikuwemo kwenye orodha. Suala hilo lilifika mahakamani hadi House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, ambako mwaka 2006 iliamuliwa kwamba taasisi ile haikuwa na wajibu wa kisheria kwa waliokunywa maji hayo. Sheria ina mambo yake. Mimi nimekwama kwenye ile orodha. Watu wenye maabara na ujuzi walishika maji yale mikononi, wakayapima, na kitu kilichokuwa kinaua hakikupimwa. Aliyekuwa na habari ni daktari wa ngozi, na mwanajiolojia hana kawaida ya kusoma majarida ya madaktari wa ngozi.

Februari 1995 Chuo Kikuu cha Jadavpur kiliitisha kongamano la kimataifa mjini Calcutta, mada ikiwa arseniki kwenye maji ya ardhini: chanzo, madhara na tiba. Miaka mitatu baadaye likafuata jingine Dhaka. Mwaka 2000 makala katika jarida la WHO ilikadiria kuwa watu kati ya milioni 35 na 77 nchini Bangladesh walikuwa hatarini, ikasema hakujatokea katika historia watu wengi kiasi hicho kulishwa sumu. Ndipo visima takriban milioni 5 vikapimwa, kimoja baada ya kingine. Unachukua maji kidogo kwenye chupa, unatia dawa, unafunika mdomo wa chupa kwa karatasi nyeupe iliyotiwa kemikali, unasubiri. Karatasi ikigeuka manjano kuelekea kahawia, pampu inapakwa rangi nyekundu. Ikibaki nyeupe, kijani. Hata asiyejua kusoma anaelewa.

Sidai kongamano ndilo lililoshika brashi ya rangi. Ninachosema ni kwamba bila daktari, mkemia na mwanajiolojia kukaa chumba kimoja, orodha ya 1992 ingeendelea kuonekana imekamilika. Na bado mjadala haukuishia hapo: Bangladesh ilipaka rangi kwa kipimo cha mikrogramu 50 kwa lita, wakati WHO tangu 1993 inataka zisizidi 10. Kuna pampu za kijani ambazo kwingine zingekuwa nyekundu.

Kwa hiyo ile kauli ya "tunajua tayari, tia klorini" hainishawishi. Mwaka 1993 mjini Milwaukee, Marekani, watu wanaokadiriwa kufika 403,000 waliugua tumbo kwa maji ya bomba yaliyokuwa yametiwa klorini. Kimelea kilichohusika, kriptosporidiamu, hakishtuki kwa klorini.

Sasa takwimu moja ambayo wakosoaji wanaipenda, na mimi pia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 kuhusu ubora wa maji asilia ilisema kuwa kati ya vipimo vya maji ya ziwani vinavyokaribia 250,000, nusu maskini ya dunia ilichangia 4,500. Yaani hata viwili katika kila mia havifiki. Mkosoaji anasema: mnaona, mnakutana ninyi wenyewe kwa wenyewe, mnapimiana maziwa yenu. Sawa. Lakini hebu tuikazie macho hiyo 4,500. Yawezekana kwingine hakuna aliyepima. Yawezekana pia kuna aliyepima, akaandika kwenye daftari, daftari likaingia kabatini na hakuna aliyemwomba alitoe. Au alipima kwa njia yake, na namba zake hazilinganishiki na za mtu mwingine. La kwanza dawa yake ni fedha, hapo sibishi. Haya mawili mengine hayatatuliwi na bomba jipya.

Chukua sampuli ya kupima bakteria. Chupa iwe imetakaswa, maji mililita 100, iwekwe kwenye barafu, ifike maabara ndani ya saa 24, na afadhali ziwe sita. Ikichelewa, bakteria wengine wanakufa na wengine wanazaliana, na namba itakayopatikana haielezi kisima chochote duniani. Jambo hili halionekani kwenye jedwali, maana jedwali linakuwa safi tu. Linajitokeza pale ambapo mwanafunzi amesimama ukumbini kando ya bango linaloeleza utafiti wake, mtu mwenye mvi anapita, anayaruka mahitimisho yote na kuuliza, "Sampuli zilikaa muda gani kabla hujazipima?"

"Saa thelathini, Profesa. Gari liliharibika njiani."

Utafiti wa miaka miwili umebadilika pale pale, kwa swali ambalo mhariri wa jarida angeweza asiliulize kabisa.

Ila mwanafunzi lazima awe amefika, na hapa nahamia upande wa wakosoaji bila kusita. Ada ya ushiriki ni mamia ya dola, nauli juu yake, na viza inaweza kutoka wiki moja baada ya kikao kufungwa. Kushiriki kwa intaneti kunasaidia kusikia mada kuu, lakini yule mwenye mvi hapiti mbele ya kamera yako. Anayekosekana zaidi kuliko hata mwanafunzi ni fundi maabara, aliyeteremka mtoni na chupa mkononi. Jina lake liko kwenye shukrani, mstari wa mwisho wa bango.

Waandaaji wanaweza kuanza na jambo dogo: ikisiri isipokelewe bila data ghafi, saa ya kuchukua sampuli na njia iliyotumika. Mahali pa kuziweka papo. Umoja wa Mataifa una mpango wa kukusanya data za ubora wa maji tangu miaka ya 1970, na hazina yake, GEMStat, inatunzwa Koblenz, Ujerumani. Na nafasi moja ya mada kuu, ile ya asubuhi ya kwanza ukumbi ukiwa umejaa, apewe fundi. Yeye ndiye anayejua barafu iliisha saa ngapi.