Laivu Kutoka Juu ya Mkorosho

Ukiwa mwandishi wa redio huku Mtwara, mwezi wa kumi ukifika huna habari nyingine. Unaweza kuwa na stori yako nzuri kabisa ya kivuko cha Msangamkuu, umehoji watu, umeipanga vizuri, mhariri anakuangalia tu anakuuliza "korosho vipi?" Basi imeisha. Bei ya mnada ndo inaamua nani anaoa, nani anaezeka bati, na hata yule uliyemkopesha hela tangu kifuku anakwambia subiri mnada dada. Na mi mwenyewe nalipwa kwa stori, sina mshahara, kwa hiyo tusidanganyane, mnada ni msimu wangu wa mavuno pia.

Sasa msimu wa 2024 bei imeanza kuvuka elfu nne kwa kilo, mji mzima umechangamka, nikaambiwa nenda Tandahimba kijiji fulani (sikitaji, wameshachoka na hii stori) ukatupe matokeo laivu kwenye taarifa ya mchana. Nikapanda kosta asubuhi, lami ikaishia Mnivata, kuanzia pale ni vumbi la ujenzi tu, mpaka nafika Tandahimba mjini nyusi zote nyekundu. Nikamalizia na boda. Nilikuwa nimevaa ile suruali pana ya kitambaa, ya mpira kiunoni, miguuni wazi, inapitisha upepo vizuri. Kumbe haipitishi upepo tu.

Mnada wenyewe ulikuwa mtulivu. Siku hizi wanunuzi wanashindana kwenye mfumo wa mtandao wa TMX, lile soko la bidhaa la Tanzania, bei zinatokea kwenye skrini, halafu wakulima wanaulizwa mnauza hamuuzi? Watu wamekaa chini ya miti, harufu ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, kila mahali, kuna mjomba mmoja kashapiga uraka wake, pombe ya hayo mabibo, mapema anajibu "tunauzaaa" kabla hata bei haijasomwa. Babu mmoja akaja kunishika maiki, akauliza, mjukuu wangu tutajiona lini? Nikamwambia babu shikamoo, hii ni redio. Akasema marahaba, najua ni redio, ndo nauliza tutajiona lini.

Shida ikawa mtandao. Saa ya taarifa imekaribia, simu inasoma "hakuna huduma", nazunguka ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, nimeinua mkono juu, watoto wananifuata wanadhani ni mchezo. Yule babu akanihurumia, akanipeleka shambani kwake nyuma ya ghala, akanionyesha mkorosho. "Panda hapo tawi la pili, mi naongeaga na mwanangu wa Dar hapohapo, sauti kama yuko jikoni." Mkorosho si mti wa kukusumbua, matawi yako chini, nikapanda. Na kweli bwana, vijiti vyote vya mtandao vikajaa! Studio wakapiga hapohapo. Pembeni ya kichwa changu kulikuwa na majani yameshonwa pamoja kama mpira, nikayaona, nikasema nyumba ya ndege gani sijui, nikaendelea na mambo yangu.

Mtangazaji: "Tuelekee Tandahimba, mwandishi wetu yuko mnadani, hali ikoje?"

Nikaanza vizuri kabisa. Wakulima wamejitokeza kwa wingi, mnada umefanyika kwa amani na utulivu, bei ya juu ni shilingi elfu nne na... hapo wa kwanza akanipata nyuma ya goti. Nikajikaza, nikasema samahani msikilizaji, bei ya juu ni elfu nne na UWIIII MAMA YANGU! Maana walikuwa wameshapanda kundi zima ndani ya suruali, kumbe ile nyumba ya majani ni ya majimoto, wale chungu wa mitini, na majimoto usiwaone wadogo, anang'ata halafu anapinda mkia anakumwagia tindikali yake palepale alipong'ata. Mkono mmoja simu, mkono mmoja tawi, niwatoe na nini?

Mtangazaji naye, Mungu amsamehe, akasema "naam, hizo ni shangwe za wakulima wenyewe!"

Nikapiga kelele "wananing'ata! Wananing'ata jamani!"

"Nani wanakung'ata, wakulima?"

Hapo nilitakiwa nijibu hapana. Ila mmoja alikuwa ameingia sikioni, nikatoa tu sauti, na sauti yenyewe ilikuwa kama "eeeee". Studio ikanyamaza kidogo, halafu yule bwana, kwa kuwa ni mtu wa kusoma sana, akaanza kuwakumbusha wasikilizaji mwaka 2018, wakulima walivyogomea bei za wanunuzi binafsi hadi Rais Magufuli akatuma jeshi kusomba korosho na serikali ikanunua kwa shilingi 3,300 kilo, na kwamba hasira za mkulima si za kuchezea. Anachambua hivyo kwa utulivu kabisa, na nyuma yake nasikika mimi nalia, tawi linavunjika, mabibo yanaanguka.

Wakina mama ndo walioniokoa. Walikuja mbio, wakanizungushia kanga wakaniambia vua mwanangu, hapa hakuna mwanaume, (wa uraka alikuwepo ila wakamgeuza). Bi mkubwa mmoja akawa ananitoa mmojammoja, anawavunja kiuno, vichwa vinabaki vimeng'ang'ania ngozi, huku anacheka mpaka anajifuta machozi na ncha ya kanga. Simu ilikuwa chini kwenye majani, haijakatwa. Kwa hiyo Mtwara na Lindi yote ikasikia pia "vua suruali, vua".

Kurudi kwenye mtandao jioni ni balaa. Mama kutoka Mikindani anauliza wamekung'ata wapi na wamekamatwa? Mwenyekiti wa kijiji kashampigia bosi, amekasirika, anasema sisi tumepokea mgeni kwa heshima zote leo tunaambiwa tunang'ata watu. Ile klipu ilishafika kwenye magrupu ya WhatsApp, mtu kaweka na ngoma chini yake. Na wakulima wa Newala, hao sitawasahau, walikuwa wanapiga mmojammoja: "Pole sana dada, pole, Mungu akuponye. Haya, na ile bei ya juu ilikuwa elfu nne na ngapi?"

Bosi hakunigombeza, aliuliza tu kama ninaweza kurudi mnada unaofuata maana wasikilizaji wamependa.

Babu naye alipiga, nikajua anakuja kuomba radhi. Wapi! Anasema majimoto wake wameuawa wengi sana, na wale ndo wanaomlia mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza machipukizi na korosho changa, yeye pale hapulizi dawa kabisa, anawategemea hao. Nikamwambia babu, si ulisema wewe unapandaga hapohapo? Akasema ndio, lakini mimi namwambia mwanangu "tuma hela" nashuka, sikujua redio ina maneno mengi hivyo. Kwa hiyo mnada ujao nikija nipande wa jirani yake, yule anapuliza dawa, mtandao wake si mzuri sana lakini.