Mount Gelai haiingii Mwea: reli halisi au ya kubuni kwa mjenzi wa treni ndogo

Ukigawa kilomita 472 za SGR kati ya Mombasa na Nairobi kwa 87, unabaki na kilomita tano na nusu hivi, kama mwendo wa kutoka Kencom hadi Adams Arcade. Kipimo hicho cha 1:87, maarufu kwa jina la HO, ndicho kinachotumiwa zaidi duniani na watu wanaojenga reli ndogo za mfano: zile zenye injini za umeme zinazopita juu ya meza kati ya stesheni, madaraja na vilima vya karatasi na gundi. Kwa hiyo hata mwenye jumba Karen hawezi kuijenga reli ya Mombasa yote. Mwenye chumba kimoja Umoja ndiyo usiseme. Ndipo linapozuka swali ambalo limewagawa watu wa kazi hii kwa miongo mingi: uchukue kipande cha reli iliyopo kweli ukiige, au ubuni reli yako mwenyewe kulingana na nafasi na mfuko wako?

Pande zote mbili zina mabingwa wake. John Allen, Mmarekani wa Monterey, California, alijenga nyumbani kwake reli ya milimani aliyoiita Gorre & Daphetid. Ilikuwa ya kubuni mwanzo hadi mwisho, na picha zake ziliwafundisha wengi jinsi mandhari yanavyojengwa. Iliungua Januari 1973, siku chache baada ya yeye kufariki. Uingereza kuna jumba la Pendon, ambako watu wa kujitolea wanaiga vijiji na reli za miaka ya 1920 na 1930, nyumba moja baada ya nyingine, wakipima kuta za kweli na kuhesabu madirisha. Na Hamburg, Ujerumani, Miniatur Wunderland iliyofunguliwa mwaka 2001 haijali ugomvi huo: jiji la Hamburg lipo pale, na Knuffingen, mji usiokuwepo popote, nao upo. Wageni wanalipa kiingilio kutazama vyote viwili.

Hapa Nairobi mzani unalemea upande wa kubuni, na sababu ya kwanza ni upana wa njia. Viwanda vya ng'ambo vinatengeneza reli ya HO yenye upana wa milimita 16.5, maana ukizidisha kwa 87 unapata milimita 1,435, ule upana wa reli za Ulaya, Marekani na China. SGR nayo ina upana huohuo, kwa hiyo anayetaka kuiiga hana shida ya njia, na hata injini ya DF11 inayovuta abiria wa Mombasa, kwa kuwa ni ya Kichina, imewahi kutolewa na kampuni ya Bachmann kwa kipimo hicho. Lakini reli ya zamani, ile iliyofika Nairobi Mei 1899 na kuliacha jiji hili nyuma yake, ina upana wa mita moja. Kwa HO hiyo ni milimita 11.5. Njia ya milimita 12 inauzwa, tena nzuri, kwa sababu Waswisi wana reli nyingi za mita moja na wanazipenda. Injini zinazouzwa nayo, hata hivyo, nyingi ni za Uswisi. Mwenye kutaka treni ya Kenya itabidi aijenge mwenyewe.

Hapo ndipo mtetezi wa kubuni anapopata nguvu. Atakwambia hivi: una ubao mmoja wa plaiwudi wa futi nane kwa nne, fundi wa Gikomba amekupasulia vipande vya upana wa sentimita 40, na kipande kimoja kina urefu wa mita 2.44. Kwa HO hizo ni mita 212 za ardhi. Treni ya mizigo ya mita 800 ingehitaji zaidi ya mita tisa. Kona ambayo kwenye reli ya kweli ina nusu kipenyo cha mita 300 ingekula mita tatu na nusu chumbani, na nyumba nyingi za kupanga hazina ukuta wa namna hiyo. Mwinuko wa asilimia 1.5, ambao kwa treni nzito ni kazi ya jasho, kwenye ubao wako utapandisha njia sentimita 3.7 hivi tu, na mgeni hata hatauona. Sasa unaiga nini? Utapunguza, utakunja, utaondoa nusu ya njia za stesheni ya Limuru, kisha utaandika kibao "Limuru" na kumwomba mtazamaji akubali. Kama ni uongo, anasema, heri uongo ulio wazi.

Hoja hiyo ina uzito. Nimeona mifano ya stesheni za kweli iliyokatwakatwa mpaka kilichobaki ni rangi ya paa. Mtu anayebuni naye ana uhuru ambao si wa kudharauliwa: akinunua behewa la Kijerumani kwa bei nafuu kutoka kwa mtu anayehama, anaweza kulitumia. Ushuru na gharama ya kusafirisha vitu hivi zinamfanya mjenzi wa Nairobi atumie anachopata, na reli ya kubuni inakubali anachopata.

Lakini tazama kinachotokea baadaye. Reli nyingi za kubuni huishia kuwa duara. Treni inaondoka mahali pasipo na jina, inapita mlima usio na sababu, inarudi pale pale. Baada ya wiki mbili mwenyewe amechoka, na watoto wamesharudi kwenye simu. Si kwamba ubunifu wenyewe ni mbaya. Treni ile haina kazi: haibebi kitu cha mtu, haimsubiri mwenzake ipishane naye, hakuna linaloharibika ikichelewa. Reli ya kweli kila kitu chake kina sababu, na hicho ndicho kigumu zaidi kukibuni.

Chukua injini za mvuke za daraja la 59, ambazo kila mpenda treni wa Afrika Mashariki anazitaja kwa heshima. Zilijengwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956, zikiwa 34 kwa jumla, kila moja ikapewa jina la mlima wa ukanda huu. Namba 5918, Mount Gelai, ipo katika jumba la makumbusho ya reli nyuma ya stesheni ya Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1971. Ukisimama ubavuni mwake utaona kwamba ni vipande vitatu: tangi la maji mbele, boila katikati likining'inia kama daraja, na nyuma tangi la mafuta, maana hizi zilichoma mafuta mazito badala ya kuni au makaa. Magurudumu yote yako chini ya vipande vya mbele na nyuma, na boila limekaa juu ya egemeo mbili. Kwa hiyo injini ya karibu mita 32, yenye uzito wa zaidi ya tani 250, inapinda kwenye kona. Hii ni habari njema kwa mjenzi: mfano wake kwa HO una sentimita 36, lakini unapita kona kali kuliko injini ya kawaida ya urefu huo. Ila acha nafasi upande wa ndani wa kona, kwa sababu boila linakata njia ya mkato na litagonga kuta za handaki lako. Rangi ya damu ya mzee unayoiona pale makumbusho si ushahidi wa jinsi zilivyoonekana kazini. Injini ya mizigo ilifunikwa na mafuta, masizi na vumbi jekundu la Voi.

Mount Gelai hiyo hiyo inaonyesha kwa nini ubunifu bila sheria ni hasara. Kila ekseli yake ya kuendeshea ilikuwa na mzigo wa tani 21, kwa hiyo ilihitaji reli nzito za njia kuu. Kwenye matawi ya reli nyepesi haikuruhusiwa. Huko zilienda injini nyepesi kama za daraja la 60, za muundo huohuo wa kupinda lakini zenye mzigo mdogo kwa ekseli. Sasa tubuni. Tuseme mwaka 1958 kuna tawi linalotoka Sagana, kwenye reli ya Nanyuki, hadi Mwea. Halikuwahi kuwepo, lakini lingeweza kuwepo: mradi wa umwagiliaji wa Mwea ulianza miaka ya 1950, mchele ulihitaji kufika Nairobi, na kahawa ya Kirinyaga ipo juu kidogo. Tawi hilo linakupa stesheni moja ndogo, njia ya kupishania, saidingi (njia ya pembeni) ya ghala la mpunga na nyingine ya kahawa. Lina msimu wa kazi nyingi na msimu wa mabehewa kusimama. Na lina katazo: Mount Gelai haiingii Mwea, hata kama ndiyo uliyoipenda na kuipigia mahesabu usiku kucha. Itaishia njia kuu, na mizigo itahamishiwa injini ndogo. Katazo hilo moja linakupa shantingi, yaani kazi ya kuhamisha na kupanga mabehewa, ya jioni nzima.

Aina hiyo ya kubuni naiheshimu. Na Amerika ndiyo iliyowapa majina makubwa wajenzi kama Allen McClelland, ambaye Virginian & Ohio yake haikuwepo lakini ilifanya kazi kama reli za makaa za milima ya Appalachia, ikipeana mabehewa na reli za kweli.

Hata hivyo, kwa Nairobi, naona reli halisi ina dai moja ambalo tawi la Mwea haliwezi kulijibu. Ukiamua kuiga stesheni ya Nairobi mwaka 1955, huo mwaka ambao injini za 59 zilianza kuwasili kwa fahari, lazima uamue nani yupo jukwaani. Aprili 24 mwaka uliotangulia ilikuwa imeanza operesheni ya Anvil, msako wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, ambapo Wakikuyu, Waembu na Wameru wa jiji hili walikusanywa kwa maelfu, wakachujwa, na wengi wakapelekwa kambi za kizuizi za Manyani na Mackinnon Road. Tazama ramani: zote mbili ziko kando ya reli ya Mombasa. Mabehewa ya daraja la tatu ndiyo yaliyowabeba Waafrika hata siku za kawaida. Mjenzi anayetaka injini ing'ae, bendera ipepee na abiria wenye kofia za jua wapande daraja la kwanza anaiga nusu ya stesheni, hata kama madirisha yake yote ni sahihi.

Mtu wa upande wa pili atasema hii ni burudani, siyo tume ya uchunguzi. Sawa. Hakuna anayelazimika kuweka geti la askari kwenye ubao wake. Lakini mahali pa kweli panakuuliza swali hilo, nawe utajibu kwa kuweka au kwa kuacha. Reli ya kubuni haikuulizi kitu. Kwa babu aliyepita Manyani na sasa anamtazama mjukuu akiunganisha mabehewa, tofauti hiyo si ndogo, na nadhani ni afadhali mazungumzo yaanzie mezani pale kuliko yasianze.

Pingamizi la nafasi nalo lina dawa: chagua kidogo. Reli si lazima iwe njia kuu. Tawi la Magadi, linalotoka Konza na kupita Kajiado, lilifunguliwa mwaka 1915 kwa kazi moja, kutoa magadi ziwani. Mwisho wake una kiwanda, ziwa lenye ukoko mweupe na waridi, na mabehewa ya mzigo wa aina moja. Ukuta mmoja unatosha. Au ukitaka ya leo, ipo Syokimau, ambako abiria wa SGR anateremka Nairobi Terminus na kupanda treni ya mjini kwenye reli ya mita moja. Mbele ya jicho moja utakuwa na njia ya milimita 16.5 na ya milimita 12, na watu wakikimbia na masanduku kati yake kwa sababu treni ya pili haingoji. Ni ghali zaidi, kwa kuwa unanunua njia za aina mbili, ila sijui stesheni nyingine inayoonyesha kwa kutazama tu reli mbili za nchi hii zilivyokutana bila kuungana.

Kwa anayeanza mwezi huu ningependekeza Magadi kabla ya Syokimau. Kata mwili wa behewa kwa leza kwenye karakana za Industrial Area, kwa kadibodi ngumu kwanza, kwa sababu utakosea vipimo vya milango. Taa na nyaya za volti 12 ziko Luthuli. Umbo la injini laweza kuchapishwa kwa printa ya 3D na kuvalishwa juu ya mashine iliyonunuliwa, bora uwe na picha za ubavu, mbele na nyuma zilizopigwa kwa ruhusa. Na kabla ya kununua chochote, andika mwaka mmoja kwenye karatasi na uibandike ukutani. Mwaka huo utakukatalia vitu vingi kuliko mkeo.