Wamarekani weusi waliopona kansa na mazoezi: shida ni tamaduni kweli?

Kwenye mijadala ya afya Marekani utasikia sana kwamba watu weusi waliopona kansa hawafanyi mazoezi kwa sababu ya tamaduni zao. Mimi naona kuna ukweli humo, ila ukiishia hapo unawaonea.

Na jambo lenyewe ni zito. Mwanamke mweusi kule anaugua kansa ya matiti kidogo chini ya mzungu, ila kufa anakufa zaidi kwa karibu asilimia 40, na wanaume weusi kansa ya tezi dume inawaua karibu mara 2 ya wazungu. Halafu mwaka 2025 yakatoka majibu ya utafiti wa CHALLENGE, wagonjwa 889 wa kansa ya utumbo mpana waliomaliza kemo (tiba ya dawa kali za kansa), waliowekwa kwenye programu ya mazoezi ya miaka 3 wakiwa na mtu wa kuwasimamia, baada ya miaka 8 asilimia 90 walikuwa hai, wale waliopewa maelezo tu ya kusoma ni 83. Hiyo ni nguvu ya dawa kabisa. Sasa njoo mji wa Detroit, kuna utafiti unaofuatilia manusura weusi wa kansa wa eneo lile, watu kama 6 kati ya 10 walisema wanafanya mazoezi, ila waliofikia dakika 150 kwa wiki ni kama robo tu. Yaani wengi wanataka na wameshaanza, wanakwama njiani.

Wanakwama wapi? Nywele zipo, tusijifanye hazipo. Mwaka 2011 Regina Benjamin, aliyekuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani na mwenyewe ni mwanamke mweusi, alisema wazi kwamba wanawake wanakwepa mazoezi wasiharibu nywele, na wapo waliomshangaa. Ila fikiria mama ambaye kemo imemnyonyoa zote, ndo kwanza zinaota, anavaa wigi, akiingia jimu jasho linaanza kulitelezesha mbele ya watu na kulivua pale hawezi, basi anaona bora abaki nyumbani. Kuna na suala la kulea, bibi anaangalia wajukuu, kanisani anategemewa, kazini wanamsubiri, amekuzwa akijua mwanamke mweusi ni ngangari hachoki, hiyo nusu saa yake mwenyewe anaitoa wapi na akiipata anajiona mbinafsi.

Lakini vingine vinavyoitwa tamaduni sio tamaduni. Mama aliyetolewa tezi za kwapani kwa ajili ya kansa ya matiti anaambiwa na mashangazi asibebe kitu kwa mkono ule utavimba, watu wanasema hizo imani za mtaani, wakati madokta wenyewe ndo walikuwa wanashauri hivyo miaka mingi, mpaka utafiti wa 2009 ulipoonyesha kwamba kubeba vyuma taratibu kwa kusimamiwa hakuongezi uvimbe. Shangazi alirudia alichoambiwa hospitali, nani alirudi kumweleza kwamba ushauri umebadilika? Na ukimwambia mwanaume mweusi akimbie mtaani asubuhi, kumbuka Ahmaud Arbery, kijana wa Georgia aliyefukuzwa na wazungu wenye magari akapigwa risasi akiwa anakimbia tu, Februari 2020. Hofu hiyo ina sababu. Kutowaamini watafiti pia kuna sababu, kwenye utafiti wa serikali huko Tuskegee, Alabama, wanaume weusi waliachwa na kaswende bila kutibiwa toka 1932 hadi 1972.

Upande wa pili, hizo hizo tamaduni ndo zinazowatoa watu nje. GirlTrek, kikundi cha kutembea cha wanawake weusi, wametembeza wanawake wengi mno kwa kuwaambia tutembee pamoja kama akina Harriet Tubman, yule mama aliyetoroka utumwa na kuwatoa wengine kwa miguu, na Sisters Network ya Houston toka 1994 inawakutanisha wanawake weusi wenye kansa ya matiti wasibebe peke yao. Chicago nako walijaribu programu iliyotengenezwa kwa ajili ya wanawake weusi waliopona kansa ya matiti, 246 hivi, madarasa yakawa mitaani kwao sio hospitali. Miezi 6 walipungua uzito asilimia 3.6, waliojiongoza wenyewe 1.4, ila mwaka ulipofika tofauti ilikuwa imeshapungua. Kwa hiyo wanaodhani ukiweka dansi na maombi kwenye programu kazi imekwisha, nao wanakosea. Inasaidia mtu aje, ila abaki inataka hela na usimamizi wa muda mrefu, kama wale wa CHALLENGE walivyopewa miaka 3.

Na hapo ndo naona kikwazo kikubwa kuliko nywele. Mgonjwa wa moyo Marekani, bima ya Medicare, ile ya serikali hasa kwa wazee, inamlipia hadi vipindi 36 vya mazoezi ya kusimamiwa, mtu anamshika mkono na kumpima presha. Aliyetoka kwenye kemo hana haki kama hiyo kwa sababu ya kansa peke yake, anaambiwa tu ajitahidi atembee, na asipotembea wanasema ni tamaduni zake.