Mgongo wa Mfarishi wa Mama Mkwe
Sanduku langu la vitambaa lilikuwa limejaa hata mume wangu akaanza kuliita mpangaji asiyelipa kodi. Kwa hiyo mama mkwe alipotuarifu kwamba angekuja kutoka Malindi mwezi wa Julai, wakati ambapo baridi ya Nairobi humkumbusha mtu wa pwani dhambi zake zote, niliapa kumshonea mfarishi wa viraka bila kununua hata mita moja ya kitambaa kule Biashara Street.

Uso wa mfarishi, viraka vya vitenge vyenye jumla ya sentimita 150 kwa 200, haukunisumbua. Taabu ilikuwa mgongo, yaani tabaka la chini. Mgongo hukatwa mkubwa kuliko uso, kiasi cha sentimita 10 kila upande, kwa sababu matabaka husogea wakati wa kushona. Nilihitaji basi 170 kwa 220, na sandukuni hapakuwa na kitambaa chochote cha ukubwa huo. Palikuwa na shuka kuukuu, kipande cha pazia, na leso mbili nyekundu, kila moja ikiwa imefiwa na pacha wake. Ya kwanza iliandikwa NANI KAMA MAMA, nami nikaona hiyo ndiyo heshima yenyewe. Ya pili iliandikwa MCHAWI MPE MWANA KULEA, lakini maneno matatu ya mwisho yalikuwa yameunguzwa na pasi (sitamtaja aliyeishika pasi hiyo), kwa hiyo nilikusudia kulikata jina lote, yaani maandishi hayo ya leso, na kulitupa.

Nilikusudia. Saa mbili usiku stima zikapotea. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, haijui habari za stima, nami nikaendelea kwa mwanga wa mshumaa. Niliondoa pindo za ubavuni ili maungio yasionekane, nikakata palipoungua, nikaziba kwa pazia, nikayalinganisha mapambo ya leso zote mbili kwa uangalifu ambao hadi leo najivunia, kisha nikaongeza shuka kufidia upana uliopungua. Mgongo ulipokamilika niliutandaza sakafuni kifudifudi, kama inavyotakiwa, nikaweka blanketi jepesi katikati, nikalaza viraka juu, nikabana kwa pini na kuyashona matabaka matatu pamoja, mstari baada ya mstari, kwa siku nne, bila kukagua upande wa chini hata mara moja.

Mama mkwe ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Alipokabidhiwa zawadi yake aliusifu uso, halafu, kama afanyavyo kila mtu anayejua kushona, akaugeuza mfarishi ili akague mishono. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti ya darasani:

"Nani kama mama mchawi."

Mume wangu alikumbuka ghafla kwamba alikuwa ameinjika maji jikoni.

"Mama, hiyo ilikuwa methali," nilijitetea. "Imeungua."

Alinyamaza, akapitisha kidole juu ya maungio, ambayo kwa kweli hayakuonekana kabisa.

"Maneno hayana tatizo, mwanangu. Tatizo ni uakifishaji. Ungeweka mkato baada ya 'mama', mchawi angekuwa yule anayesemeshwa."

Akaomba sindano na uzi mweusi, akatarizi mkato mnene kama mbegu ya tikiti, kisha akajifunika hadi kidevuni, maandishi yakiwa juu, yakinielekea mimi.